Trei iliyojaa isiongezwe kebo

Kulaza kebo mpya juu ya trei iliyokwisha kujaa ni kosa la usalama. Anayeilaza, anayemlipa na anayekagua kisha akanyamaza, wote wamehusika. Tunalisema hili wazi kwa sababu katika majengo yetu ya ofisi na maduka jambo hili limezoeleka mno. Mpangaji mpya anataka viyoyozi. Fundi anapanda ngazi, anasogeza kipande cha dari, anaona trei ipo, anapitisha kebo na kuifunga pamoja na zilizokuwepo, kazi imekwisha. Hakuna aliyefungua mchoro, wala aliyepiga hesabu.

Wengi hudhani trei imejaa kebo zinapoanza kumwagika ukingoni. Trei hujaa mapema kuliko hapo, kwa kuwa kinachopimwa ni joto. Kila waya wenye mzigo hutoa joto, na joto hilo lazima lipate hewa ya kulichukua. Kebo iliyo peke yake hupoa pande zote; iliyo katikati ya rundo imezungukwa na nyingine ambazo nazo zina moto. Ganda la PVC la kawaida limeundwa kuhimili nyuzi joto 70. Likizidishiwa, haliungui siku hiyo hiyo. Hukauka, likawa gumu, likapasuka polepole kwa miaka, mpaka waya mbili zinapogusana na mwenye duka la chini anasikia harufu.

Hesabu zake zimeandikwa zamani. Kwa majedwali ya IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, ambayo kiwango cha Uingereza cha BS 7671 kinakwenda nayo, kebo tisa zenye mzigo zikifungwa fungu moja, kila moja huruhusiwa nusu tu ya mkondo ambao ingebeba peke yake. Majedwali hayo huanzia hewa ya nyuzi 30. Juu ya dari, chini ya bati, Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, hewa inaweza kufika 40, na hapo kebo ya PVC hupunguziwa tena hadi asilimia 87. Kwa hiyo kebo iliyonunuliwa kwa ampea 100 imebaki na 43. Breka ya ampea 80 inayoilinda haijui lolote kuhusu hayo. Breka hupima mkondo unaopita ndani yake. Joto la kebo za jirani hailioni. Itaruhusu ampea 70 mchana kutwa bila kukatika, na mwenye jengo ataamini yuko salama kwa sababu breka haijashuka.

Zilaze kebo hizo tisa safu moja kwenye trei yenye matundu, na kipunguzo kinakuwa 0.72 badala ya 0.50. Tofauti hiyo yote imeletwa na upana wa trei. Kanuni ya umeme ya Marekani, NEC, katika kifungu cha 392, inalibana jambo hili zaidi. Trei ya ngazi yenye upana wa milimita 300 hairuhusiwi kubeba kebo za nguvu za ukubwa mdogo na wa kati zenye jumla ya eneo la mkato linalozidi milimita za mraba 9,000 hivi. Kebo yenye kipenyo cha milimita 25 huchukua karibu 490, kwa hiyo ni kebo 18, basi. Kuinua kingo za trei hakuongezi hata moja, maana rundo refu huzuia joto kutoka. Kebo kubwa kabisa zinatakiwa safu moja tu, na jumla ya vipenyo vyake isizidi upana wa trei.

Vipimo hivi vina historia ya moto. Mwaka 1968, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha San Onofre, California, kebo ziliwaka zenyewe, na mwaka 1971 mhandisi Stolpe akachapisha hesabu zake za mkondo unaofaa kwa kebo zilizorundikwa kwenye trei. Tarehe 22 Machi 1975, huko Browns Ferry, Alabama, mafundi waliokuwa wakiziba upenyo wa kebo ukutani walitumia mshumaa kupima uvujaji wa hewa. Sponji ya kuzibia ikashika moto, na trei zikaupeleka upande wa pili wa ukuta. Moto huo ulichukua saa saba hivi, na kebo zaidi ya 1,600 ziliharibika. Chanzo hapo kilikuwa mshumaa. Lakini tulione lililofuata: trei iliyosheheni plastiki hubeba moto kutoka chumba hadi chumba, na kila kebo inayoongezwa kwa kutoboa kizuizi ukutani huufungulia mlango.

Hapa kwetu Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni kwa mafundi umeme kwa madaraja, na jengo jipya haliunganishwi umeme bila saini ya mkandarasi. Pengo liko baada ya makabidhiano. Trei iliyokuwa halali siku ya kwanza huvuka kiwango kwa mpangaji wa tano, na hakuna karatasi inayoonyesha ni nani aliyeivusha. Tunataka karatasi hiyo iwepo: hesabu ya ujazo wa kila trei iambatane na mchoro, robo ya nafasi iachwe tangu mwanzo, na kila kebo inayoongezwa isainiwe na mwenye leseni aliyekokotoa upya kipunguzo cha kebo zote, zikiwemo zile alizozikuta. Wakaguzi wa zimamoto wapande ngazi, wasiishie kuhesabu mitungi ukumbini.

Kwa majengo yaliyopo, kebo zilizokufa zitolewe kwanza; zinakula nafasi na zitakuwa kuni siku ya moto. Trei ikibaki imejaa hata baada ya hapo, ijengwe ya pili, kwa gharama ya mwenye jengo. Akisema hana fedha, mpangaji wake asifungiwe kiyoyozi kingine mpaka zipatikane.