Ala Kabatini, Mwanafunzi Likizoni

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, mwanafunzi wa muziki wa chuo kikuu hubandikiwa tangazo: ratiba ya mitihani, salio la ada, siku ya kurudisha ufunguo na ala. Na hayo ndiyo yaitwayo taarifa na msaada! Mwenzake wa historia huondoka na daftari lake; yeye huondoka mikono mitupu. Kanuni, ala yenye nyuzi zaidi ya 70, aghalabu tatu tatu kwa kila sauti, hainunuliki kwa posho ya mwanafunzi, na vidole visivyoigusa miezi miwili husahau. Muhula ukifunguliwa, huambiwa mvivu.

Wakuu watasema ala zitapotea. Basi na vitabu vya maktaba visiazimwe! Mdhamini aandikwe, ala itoke. Tena Unguja ina Ikhwani Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, vilabu vilivyolea wapigaji bila ya kuwauliza shahada. Barua moja ya chuo ingetosha kumpeleka kijana huko, akakae nyuma ya wazee likizo nzima. Barua hiyo haiandikwi. Linaloandikwa ni onyo la faini kwa atakayechelewesha ufunguo.