Mnyonge Mnyongeni, Marabu Mpeni Haki Yake

Binamu yangu amenitumia picha ya kwoka tena. Ati "mnyama mwenye furaha kuliko wote duniani." Ilinipata kwa matatu, jamu ya Nyayo Stadium, na juu ya mgunga kulikuwa na marabu, yule korongo mkubwa mwenye upara. Jamaa wa kiti cha mbele akafunga dirisha. "Hawa ndege ni wachafu. Kaunti iwatoe." Manze, nilikasirika.

Tuambiane ukweli. Kwoka ni jamaa mdogo wa kangaruu, saizi ya paka, anabeba mtoto mfukoni. Wengi wanaishi Rottnest, kisiwa kilicho karibu na Perth, Australia. Lile tabasamu si furaha, ni umbo la mdomo tu. Mwaka 1696 nahodha Mholanzi, Willem de Vlamingh, alidhani ni panya wakubwa, akakiita kisiwa kiota cha panya. Mnyama ni yuleyule, ila siku hizi kuna selfi. Na mama kwoka akikimbizwa na adui, mtoto anaweza kudondoka kutoka mfukoni, yeye akaponyoka. Simlaumu, ndivyo alivyoumbwa. Lakini angekuwa marabu, mngesemaje?

Marabu husimama kama mita moja na nusu. Kichwa hakina manyoya, na hiyo inamfaa mtu wa kuchakura mizoga. Hujinyea miguuni ili apoe juani. Chekeni, lakini inafanya kazi. Mayai, baba na mama wanaatamia kwa zamu. Si malaika, hula hata vifaranga vya ndege wengine. Lakini uozo mnaoukimbia, yeye ndiye anaumeza.

Na nani alimwita mjini? Taka zetu. Pale Dandora anachakura bega kwa bega na wasee wanaookota plastiki na vyuma, na hao pia tunawafungia dirisha.

Najua hiyo dirisha. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikagoma. Sasa naandika, nalipwa kwa makala. Kwa sherehe za familia, wajomba wanapiga picha na binamu mwenye digrii. Mimi naulizwa, "Bado uko tu?" Hakuna aliyewahi kuuliza naandika nini.

Kwa hivyo, binamu, kwoka nimemwona. Ni mrembo. Lakini sura si kazi, na tabasamu si tabia.

Tulipofika Bellevue, yule jamaa akafungua dirisha tena. Akatupa gunzi la mahindi barabarani, akafunga.