Vijiti Vilivyotupwa Chooni

Mwezi huu tunawaomba radhi wazee wetu mapema, kwa kuwa ukurasa wa afya unagusa mambo ya chumbani. Kama watoto wapo karibu, someni baadaye.

Mama mmoja wa makamo alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alipewa vijiti laini vya plastiki, vya unene mbalimbali, na karatasi ya maelekezo. Mkwewe aliviona ndani ya begi, akacheka, akasema vitu hivyo huonekana katika picha chafu. Siku ile ile mama akavitumbukiza chooni. Alipokuja kwetu mwaka uliofuata, njia ya uke ilikuwa imebana kiasi kwamba daktari hakuweza kumchunguza vizuri kama ugonjwa umerudi. Kuhusu unyumba, alituambia kwa sauti ya chini kwamba yeye na mzee wamehama chumba.

Hatuna haki ya kumlaumu mkwe. Sisi wauguzi tulipoviona vijiti hivyo mara ya kwanza tulicheka vile vile.

Vinaitwa vipanuzi vya uke. Mionzi huua saratani, lakini huacha makovu; kuta za uke hukauka, hukakamaa, na zinaweza kushikana. Kipanuzi kikiingizwa taratibu kwa dakika chache, mara kadhaa kwa wiki, husaidia njia isizibe. Mgonjwa huanza kukitumia wiki chache baada ya mionzi kwisha, vidonda vikishatulia, kwa ratiba ya daktari wake. Hutumia kilainishi cha maji, hukiosha kwa maji na sabuni, wala hamwazimi mtu. Matone machache ya damu yanaweza kutokea. Damu nyingi au maumivu makali, aache na aje hospitali.

Basi kicheko kilitoka wapi? Tukiangalia historia ya vifaa vya ashiki huko Ulaya na Marekani, tunaona dawa na aibu zimechanganywa kwa muda mrefu. Daktari Joseph Mortimer Granville wa London alibuni mashine ya umeme ya kutetemesha mwili katika miaka ya 1880, kwa ajili ya maumivu ya neva na misuli. Katika kitabu chake cha mwaka 1883 aliandika kwamba alikwepa kuwatibu wanawake kwa mashine hiyo. Marekani nako, sheria ya Comstock ya mwaka 1873 ilikataza kupeleka kwa posta vitu vilivyohesabiwa kuwa vya uchafu, pamoja na vizuia mimba. Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 mashine za kutetemesha zilitangazwa hata katika magazeti ya familia kama tiba ya kichwa, uziwi, kufunga choo na makunyanzi. Neno la ashiki halikutajwa. Waliotaka dawa walidanganywa, na waliotaka kitu kingine walinunua kwa jina la dawa.

Mwaka 1999 mwanahistoria Rachel Maines alichapisha kitabu kilichodai kwamba madaktari wa zamani walitumia mashine hizo kuwafikisha wanawake kileleni, eti kutibu histeria, ugonjwa uliopewa jina kutokana na neno la Kigiriki la mfuko wa uzazi. Hadithi ikapendwa mno. Mwaka 2011 ikatolewa filamu. Hallie Lieberman na Eric Schatzberg walipoyapitia marejeo yake, walieleza mwaka 2018 kwamba hawakuona ushahidi wa dai hilo. Nasi tuliwahi kuisimulia kwa wenzetu kama jambo la hakika!

Baadaye pazia lilifunuliwa. Mwaka 1974 Dell Williams alifungua duka la wanawake New York, baada ya mwuzaji kijana katika duka jingine kumwuliza kwa sauti kubwa anataka mashine ya kukanda mwili ya nini. Huko Texas sheria ya kukataza biashara hiyo ilibatilishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2008. Mwaka 2021 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kanuni za usalama wa vifaa hivyo, yaani malighafi yake na umbo lisilopotelea mwilini.

Hatuandiki haya ili kuvisifu. Katekisimu ya mwaka 1992 imeeleza msimamo wa Kanisa juu ya punyeto, na dhamiri ya mtu ina padre wake. Tunachokataa ni kuvitia vyote kapu moja kwa sababu vinafanana. Kisu cha jikoni na cha chumba cha upasuaji navyo vinafanana. Mama anayetumia kipanuzi anatibu kovu, na mara nyingi anaiokoa ndoa yake.

Kwa hiyo akina baba, mkiona vijiti hivyo katika sanduku la mke aliyetoka kwenye mionzi, msiulize kwa ukali. Fuatana naye kliniki, ingia naye ndani, sikiliza maelekezo. Wakwe na mabinti, msivishike wala kuvitangaza kisimani. Nasi wauguzi tusimkabidhi mama kifaa mlangoni, huku foleni ikisikiliza. Tumweke chumbani, tufunge mlango, tumweleze na kumwonyesha.

Mama yule amepewa vingine, kaanza na chembamba kuliko vyote. Safari hii mzee alikuja naye, akauliza maswali matatu, na karatasi ya maelekezo akaiweka katika mfuko wa shati lake.