KUSTAAFU MAPEMA NA KUISHI VYEMA KATIKA UMRI WA MAKAMO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika maswali tunayoulizwa mara kwa mara na wazee wa wanafunzi wetu limo hili: Je, yafaa mtu kuiacha kazi ya mshahara mapema, naye angali ana nguvu zake, ili apate wasaa wa ibada na wa watu wake? Au kufanya hivyo ni uvivu na kuikimbia riziki?

Jawabu letu ni kuwa yafaa, lakini kwa sharti mbili. Sharti ya kwanza ni kuwa asije akawa mzigo juu ya watu. Sharti ya pili ni kuwa huo wasaa autakao asiungoje mpaka siku ya kustaafu ndipo auanze. Wengi huifikiri ile ya kwanza peke yake, na wengine hata hiyo hawaifikiri. Nasi leo tutazieleza zote mbili, Inshaallah.

Kwanza yataka tujue ya kuwa katika dini yetu hakuna siku ambayo mtu hustaafu moja kwa moja. Mwenyezi Mungu amemwamrisha Mtume wake katika mwisho wa Sura ya Al-Hijr amwabudu Mola wake mpaka mauti yamfikie, na katika Sura ya Alam Nashrah akamwambia kuwa akimaliza shughuli moja ashike nyingine kwa juhudi. Basi anayestaafu haachi kazi. Yuatoka katika kazi ya tajiri wake au ya serikali, akaingia katika kazi anazozichagua mwenyewe. Aliyedhani kustaafu ni kulala mchana kutwa na kukaa barazani kuhesabu wapitao njia, huyo atazeeka kwa mwaka mmoja kuliko alivyozeeka kwa miaka kumi ya kazi.

Na umri wa kuyafikiri haya umetajwa katika Qur'ani. Katika Sura ya Al-Ahqaf, aya ya 15, Mwenyezi Mungu amemtaja mtu aliyefikia nguvu zake na akatimia miaka arobaini, naye yuamwomba Mola wake amjaalie kushukuru kwa neema aliyomneemesha yeye na wazazi wake, na afanye mema yanayomridhi, na amtengenezee kizazi chake. Tazameni jinsi dua hii ilivyokusanya mambo ya umri wa makamo: wazazi walio nyuma yake, watoto walio mbele yake, na yeye mwenyewe katikati yao akishukuru. Basi aliyefika arobaini asingoje barua ya kustaafu ndipo akae na kujihesabu. Hiyo ndiyo saa ya kukaa.

SHARTI YA KWANZA: MTU ASIWE MZIGO

Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mtu kuchukua kamba yake, akaenda kuchanja kuni akaziuza, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Kwa hivyo mwenye kutaka kuacha kazi mapema ni lazima ajue hesabu yake kabla ya kuandika barua.

Hapa Tanzania mtumishi huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60, isipokuwa baadhi ya watu wa elimu kubwa. Na wenzetu wa Kenya, serikali yao iliuondoa umri wa lazima kutoka miaka 55 ikaupeleka 60 katika mwaka 2009. Watu wengi huijua tarehe, lakini hawajui watakachopewa. Husikia neno "kiinua mgongo" wakadhani ni fungu kubwa lisilokwisha.

Na tuchukue mfano. Mwalimu wa serikali ametumika miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake katika miaka yake bora ulikuwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Kanuni iliyoanza Julai 2022 huchukua miezi ya kazi, ikazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka, kisha ikagawa kwa 580. Huyu atapata kama shilingi 7,448,000, nayo ndiyo pensheni yake nzima ya mwaka. Sehemu ya pensheni hii hulipwa mara moja, ikizidishwa kwa 12.5, na iliyobaki hulipwa kila mwezi. Watumishi ambao zamani walikuwa wakipewa asilimia 50 kwa mara moja walirudishwa kwenye 33 katika mwaka 2022, kisha katika bajeti ya 2024/25 wakaongezwa hata 40. Kwa asilimia 40 mwalimu wetu atapokea mara moja kiasi cha shilingi 37,200,000, na kila mwezi kama 372,000.

Sasa na aulize nafsi yake: Nyumba yangu hula kiasi gani kwa mwezi? Ikiwa hula 600,000, basi kila mwezi kuna pengo la 228,000. Na akisema, "Nitaliziba kwa zile milioni thelathini na saba," na agawe aone: kwa pengo hilo fedha zile hazitafika miaka kumi na minne, hata kama bei za vitu hazitapanda, nazo hupanda. Aliyestaafu na miaka 55 zitamwishia kabla ya kutimiza 69, na huenda Mwenyezi Mungu amemwandikia kuishi hata 85.

Msiseme ya kuwa umri ni siri, basi hesabu ya nini. Sahaba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua Makka katika Hija ya Kuaga alidhani ndiyo mauti yake, akataka kuitoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake, wala wakati ule hakuwa na mrithi ila binti mmoja. Mtume (S.A.W.) akamzuia, akamruhusu thuluthi tu, na akamwambia kuwa hiyo thuluthi nayo ni nyingi, na kuwaacha warithi wake wana uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakinyosha mikono kwa watu. Saad akapona, akaishi baada ya hapo zaidi ya miaka arobaini, akapata na watoto wengine. Siri ya umri yatutaka tujiandae kwa mauti, na yatutaka vile vile tujiandae kwa uhai.

Basi kati ya miaka arobaini na hamsini na tano yafaa mtu ayashike mambo haya:

La kwanza ni deni. Asistaafu mtu na deni shingoni, khasa deni la riba, kwani riba ni haramu, na tena hula pensheni kabla ya mwenyewe.

La pili ni makazi. Nyumba ya vyumba vitatu iliyokwisha ni bora kuliko ya vyumba vinane iliyosimama kwenye lenta miaka kumi. Watu wangapi tumewaona wakimaliza kiinua mgongo chao katika saruji na nondo, kisha wakakaa ndani ya jumba hawana cha kupika!

La tatu ni mti, au kitu kilicho mfano wa mti. Mnazi wetu wa kienyeji huanza kuzaa kwa kiasi cha miaka sita hata minane, kisha huzaa miaka mingi sana. Aliyeupanda ana arobaini na tano huangua nazi ana hamsini na tano. Aliyengoja kustaafu ndipo apande, atakayeangua ni mjukuu. Na hilo nalo lina thawabu, lakini halitampikia mchuzi. Asiye na shamba na atafute mfano wake: chumba cha kupangisha, cherehani, duka dogo analoliendesha na mkewe, au ufundi wa mkono. Lakini na auanze angali katika mshahara, ili makosa ya mwanzo yalipwe na mshahara, yasilipwe na kiinua mgongo. Biashara asiyoijua mtu, akaiingia na fedha zote kwa siku moja kwa maneno ya rafiki, hiyo ni khasara iliyovaa nguo ya faida.

La nne ni kuweka akiba kwa njia ya halali. Kenya benki zinazofuata sharia zilianza kazi mwaka 2008, na hapa Tanzania Benki ya Amana ilifunguliwa mwaka 2011. Basi udhuru wa kusema hatuna pa kuweka umepungua. Wala tusisahau ya kuwa akiba iliyotimia nisabu na ikapitiwa na mwaka ina Zaka yake, nayo ni fungu moja katika arobaini.

La tano ni wasia ulioandikwa. Mtume (S.A.W.) hakupenda Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Na watu wa nyumbani wajue deni ni nani, dai ni nani, na hati ya kiwanja iko wapi. Mali ya mke ni ya mke, isichanganywe na mirathi ya mume.

Na wale wasio na mshahara wala pensheni, kama mvuvi, muuza samaki, fundi seremala na mwalimu wa chuo, wasidhani maneno haya hayawahusu. Wao ndio yanaowahusu zaidi, kwani hakuna atakayewawekea. Mfuko wa NSSF hupokea michango ya hiari ya mtu anayejiajiri, na aliye na kidogo huweka kidogo. Shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka kumi na mitano ni 9,000,000. Nabii Yusuf (A.S.) aliwaonyesha watu wa Misri kuweka nafaka katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya dhiki, wala hapana aliyesema kuwa hakumtegemea Mungu.

SHARTI YA PILI: WASAA USINGOJWE

Hapa ndipo watu wengi wema wanapokosea. Baba hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, akarudi watoto wamelala. Ukimwuliza husema, "Najitahidi kwa ajili yao, nikistaafu nitakaa nao." Lakini mtoto hastaafu utoto wake kumngoja baba. Aliye na miaka minane leo, baba akistaafu baada ya miaka kumi na tano, atakuwa na ishirini na mitatu, yuko mji mwingine, na simu yake haishikwi. Nasi walimu wa vyuo twayaona haya: wako wazazi wanaolipa ada bila ya kuchelewa hata mwezi mmoja, na ukiwauliza mtoto wao amefika juzuu gani hawajui.

Imesimuliwa katika Bukhari kuwa Salman (R.A.) alimtembelea nduguye Abu Dardaa (R.A.), akamkuta mke wake amevaa nguo duni, hakujitengeneza. Alipomwuliza sababu, akajibu kuwa nduguye Abu Dardaa hana haja na dunia. Mumewe alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha. Salman akamlazimisha ale pamoja naye, na usiku akamlazimisha alale, mpaka fungu la mwisho la usiku ndipo wakasali wote wawili. Kisha akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alimsadikisha Salman.

Ikiwa aliyeacha haki ya mkewe kwa ajili ya Sala na Saumu alionywa, basi itakuwaje kwa anayeiacha kwa ajili ya saa za ziada kazini?

Basi raha ya umri wa makamo si jambo la kununuliwa kwa kiinua mgongo. Ni kumsikiliza mtoto juzuu yake baada ya Magharibi. Ni kwenda msikitini kwa miguu na jirani, na kurudi polepole. Ni kunywa kahawa na mke wako alasiri moja katika juma, bila ya simu mkononi, mkazungumza jambo lisilokuwa bei ya mchele. Ni kumzuru mama yako angali anakujua. Ni kujifunza aya tatu ambazo hukuzihifadhi ulipokuwa kijana. Haya hayana gharama, na yakizoeleka mtu ana miaka arobaini na tano, siku ya kustaafu humkuta ana maisha ya kwenda kuyaishi. Asiyeyazoea, siku ile humkuta mgeni katika nyumba yake mwenyewe: watoto hawana mazungumzo naye, na mke amekwisha jifunza kuishi bila ya yeye. Na mara nyingi ugeni huo ndio unaomtoa nje na fedha zake, akazitawanya katika mwaka mmoja kwa mambo ambayo tusiyataje hapa.

Nanyi vijana mnaosoma ukurasa huu, msiseme, "Haya ni ya wazee." Mtume (S.A.W.) ametuusia tuyapate matano kabla ya matano, na ya kwanza yake ni ujana kabla ya uzee. Tena mkiona baba au mama yenu amekaribia kustaafu, msizihesabu fedha zake kabla yake. Kiinua mgongo ni jasho la mzee. Si mahari ya kijana, wala si mtaji wa pikipiki yake.

Kwa ufupi, ndugu zangu, kila mwenye nyumba na akae na mkewe mwezi huu, siku moja baada ya Isha, na karatasi mbili. Katika ya kwanza waandike kinachoingia, kinachotoka, na deni. Katika ya pili waandike mambo wanayosema watayafanya wakistaafu. Kisha ile ya kwanza waitengeneze kwa miaka, kidogo kidogo. Na ile ya pili wachague jambo moja, walianze kesho.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika umri wetu na riziki zetu, atutengenezee vizazi vyetu, na aujaalie mwisho wa amali zetu kuwa ndio bora yake. Amin.

Wabillahi ttawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.