Kigari cha rimoti hakifukuzi kiboko

Ndugu mkulima, nimeulizwa tena kama kigari cha rimoti, kile cha watoto, kinaweza kulinda shamba. Kwa tumbili kitasaidia siku mbili tatu; wakishakizoea watakula mahindi huku wanakitazama. Kwa kiboko anayetoka ziwani usiku, usithubutu! Rimoti haifiki mbali, kwa hiyo utakuwa umesimama njiani kwake.

Ni kweli, kandokando ya Tarangire na Serengeti droni zimefukuza tembo mashambani. Mlio wake unafanana na wa nyuki, na tembo huogopa nyuki. Lakini zilirushwa na askari wa wanyamapori waliofundishwa, na droni inahitaji kibali cha TCAA.

Hela ya kigari mlipe kijana alinde mahindi mchana. Kiboko akionekana, mpigie afisa wanyamapori wa wilaya.