Fungate Aldabra? Mwacheni Bi Harusi Aende



Mwezi uliopita bi harusi mmoja alikuja dukani kwangu na mama yake kupima nguo. Mpango ulikuwa nguo nne: ya nikaha, ya singo, ya ukumbini na ya kubadilisha. Katikati ya vipimo binti akasema, "Dada, mbili zinatosha. Sisi tunapanda meli kwenda Aldabra." Mama akashika kichwa. "Meli ya watu nusu uchi! Mtaswali wapi humo?"

Mimi ndiye niliyepoteza nguo mbili pale, na bado nasimama upande wa binti.

Wengi wetu tumewalisha majani kobe wa Changuu tukiwa wanafunzi. Asili yao ni Shelisheli; waliletwa Unguja kama zawadi mwaka 1919. Basi Aldabra ndiko kwao. Wako zaidi ya laki moja, wanatembea kama ng'ombe wa kijiji kisicho na mtu. Kuna kaa wa nazi, wale wanaopatikana pia Chumbe. Kuna kasa wanaopanda ufukweni kutaga, na ndege mdogo asiyeweza kuruka, wa mwisho wa aina hiyo katika visiwa vya Bahari ya Hindi.

Hakuna hoteli wala uwanja wa ndege. Miaka ya 1960 Waingereza walitaka kujenga uwanja wa kijeshi, wanasayansi wakapiga kelele, na mpango ukafa 1967. Ndiyo maana watu huenda kwa meli ndogo, tena kwa kibali. Kutoka Mahé ni zaidi ya kilomita 1,000. Meli inatia nanga nje, mnaingia kwa viboti vya mpira, na kuingia kwenyewe kunategemea maji kujaa na kupwa. Mtoto wa kisiwani hahitaji kufundishwa hilo. Na tarehe ya harusi itazame upepo: kusi likivuma, bahari ya huko huchafuka.

Sasa stara, maana ndiyo inayowatisha akina mama. Kwa maoni yangu meli hii ni bora kuliko hoteli ya ufukweni. Hoteli imejengwa kukuweka kwenye kiti cha jua mbele ya bwawa. Kwenye safari hizi watu huamka alfajiri kutazama ndege, na wengi hujifunika mikono na miguu kwa sababu ya jua. Una chumba chako na mume wako. Swala ya msafiri mnaijua, kibla kutoka kule ni kaskazini ikipinda kidogo magharibi, na chakula unauliza kabla ya kulipa, si baada.

Ila buibui liache chumbani. Unashuka ngazi kuingia kwenye kiboti kinachopanda na kushuka na wimbi. Pindo refu litakutupa majini. Nilimshonea suruali pana iliyobana kifundoni, kanzu ya magotini yenye mpasuo pembeni, na mtandio wa kufunga nyuma. Sikuweka ule utepe wa kunata unaolia krrr, kwa sababu unabeba mbegu, na kabla ya kushuka Aldabra nguo na viatu vinakaguliwa visiingize mmea mgeni. Nimetumia vifungo. Ya kuogelea ni ya stara kamili, kitambaa kisichonywa maji.

Bei ni kubwa, sitawadanganya. Nguo mbili hazilipi safari ile. Bwana ameweka akiba miaka mitatu, na wamefuta ukumbi wa usiku wa pili. Anayetaka kukopa ili aende, mimi namwambia akae nyumbani, Changuu ipo.

Lakini mbona tunaokopa kwa ajili ya ukumbi hatusemwi? Mimi mwenyewe nilibadilisha nguo tatu usiku mmoja. Moja sijaigusa tena. Lulu zake nimezifumua nikazitumia kwa mteja.

Jambo moja ndilo lililonichoma. Mwaka 2019 waliojitolea walizoa tani 25 za takataka Aldabra, na ikakadiriwa zimebaki tani 513, zikiwemo kandambili kama 360,000. Hakuna anayeishi pale zaidi ya walinzi na watafiti wachache. Ni sisi wa nchi kavu na wa visiwa vingine, bahari ikawapelekea kobe. Nilipomsimulia yule mama, alinyamaza, akatazama miguu yake. Kisha akauliza, "Hao kobe, unaruhusiwa kuwashika?" Nikamwambia aje amuulize binti yake akirudi.

Jumamosi wanakuja kujaribu nguo. Mama ameniomba nimpunguzie bei ya ile ya kuogelea.