Masista na Shule Walizoziacha

Akina mama wa nchi hii waliopata elimu ya sekondari kabla ya mwaka 1970, wakikutana katika harusi au msiba, haichukui muda mrefu kabla ya mmoja wao kutamka maneno "enzi za masista". Wengine huitikia kwa kicheko, wakakumbushana kengele ya alfajiri, vitanda vilivyotandikwa bila kunyanzi hata moja, na sista fulani aliyeweza kumtambua mwanafunzi gizani kwa mlio wa viatu vyake. Mazungumzo yakiendelea, hugeuka hukumu. Husemwa kwamba elimu ya nchi hii ilikuwa elimu siku zile, na kwamba siku masista walipoondoka ndipo mambo yalipoharibika.

Kumbukumbu hiyo ina shukrani ambayo ni ya haki kabisa, na ina hukumu ambayo si ya haki. Watumishi wa Serikali na walimu, ambao ndio warithi wa kazi ile, wanapaswa kuvitenganisha vitu hivyo viwili, kwa sababu vikiachwa vimechanganyika, vyote viwili huwa uwongo.

Masista walifika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya bendera ya mkoloni. Mwaka 1860, wakati Sultani alipokuwa akitawala Unguja na biashara ya watumwa ikiendelea waziwazi, watawa wa shirika la Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion walishuka Unguja pamoja na mapadre wao. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutunza wagonjwa na watoto waliokombolewa utumwani. Baada yao walikuja wengine wa mashirika mengi, wakaenea hadi Ziwa Nyanza na Tanganyika. Alama waliyoiacha imekaa hata ndani ya lugha. Mpaka leo mgonjwa wa dini yoyote, akiwa amelazwa katika hospitali yoyote ya nchi hii, humwita muuguzi "sista", wala hafikirii kwamba neno hilo lilitoka kanisani.

Kwa upande wa elimu, thamani ya kazi yao haiwezi kupimwa bila kukumbuka mkoloni aliacha nini. Mwaka 1961 Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu katika shule za sekondari, na kati yao waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Wasichana walikuwa sehemu ndogo ya idadi hiyo. Serikali ya kikoloni ilihitaji makarani na wakalimani wachache, na haikuona sababu ya kumfundisha msichana fizikia. Wazazi wengi nao, ni lazima ikubaliwe, walikuwa upande wa mkoloni katika jambo hilo, maana binti alihesabiwa kwa mahari kabla ya kuhesabiwa kwa akili.

Ndipo linapokuja jina la Marian College ya Morogoro. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1957 chini ya milima ya Uluguru na Masista wa Maryknoll, shirika la Kimarekani lililoanzishwa mwaka 1912 na Mary Josephine Rogers. Masista hao walianza kwa kutumwa China. Huku walikuja mwaka 1948, wakafikia Kowak katika Musoma ya wakati ule. Miaka tisa baadaye walikuwa wanaendesha sekondari ya wasichana wa Kiafrika, moja kati ya chache sana zilizokuwapo nchini. Msichana aliyetoka Ukerewe kwa mashua, kisha kwa gari moshi, akafika Morogoro baada ya siku kadhaa akiwa na sanduku moja la bati, alikutana hapo na mwanamke aliyesoma chuo kikuu, anayeongoza taasisi, anayesimamia hesabu na majengo, na asiyeomba ruhusa kwa mume. Somo hilo halikuwa kwenye ratiba, lakini huenda ndilo lililokaa zaidi kichwani.

Mfano upo hadharani. Ndugu Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, alisoma Marian College. Alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha ualimu Chang'ombe, akawa mbunge na waziri. Mwaka 1995 aliongoza akiwa Katibu Mkuu ule Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Haitakuwa sawa kusema kwamba masista ndio waliomtengeneza, kwa kuwa binti huyo alikwenda Morogoro na akili yake mwenyewe na baraka ya wazazi wake. Lakini mlango aliopitia ulikuwa umefunguliwa na mikono ya watu, na watu hao walikuwa watawa.

Hayo yakishakubaliwa, upande wa pili nao usemwe bila haya.

Shule za masista zilikuwa ndani ya mfumo wa kikoloni, na mfumo huo ulizitia doa. Elimu iligawanywa kwa rangi: Mzungu na shule yake, Mwasia na yake, Mwafrika na yake. Jijini Dar es Salaam, shule ya Convent ya Mtakatifu Yosefu, iliyo ubavuni mwa Kanisa Kuu karibu na bandari, kabla ya Uhuru ilijulikana zaidi kwa watoto wa Kigoa na Waasia wengine, wakati mtoto wa Kiafrika wa Kariakoo aliipita nje ya uzio. Ubaguzi huo haukukoma kwa mahubiri. Ulikomeshwa na Serikali ya TANU ilipounganisha shule zote katika mfumo mmoja kuanzia Januari 1962.

Dini nayo ilikuwa kizuizi. Kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misheni, wazazi wengi wa Kiislamu walisita kuwapeleka mabinti zao mahali ambapo walihofia wangerudi na jina jingine. Matokeo yake ni kwamba sehemu za nchi zilizokuwa na misheni nyingi, kama Kilimanjaro na Bukoba, zilipata wasomi wengi, huku pwani na sehemu kubwa ya kusini zikibaki nyuma. Taifa haliwezi kujengwa hivyo. Na katika shule nyingi za sekondari za wakati ule mwanafunzi aliyekutwa akizungumza Kiswahili nje ya darasa aliadhibiwa, kana kwamba lugha iliyowaunganisha wananchi kudai Uhuru ilikuwa uchafu wa kusafishwa pamoja na sakafu.

Kwa sababu hizo Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa Serikali mamlaka juu ya shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku, isipokuwa seminari. Marian College ikaitwa Kilakala. Assumpta ya Moshi ikaitwa Weruweru. Convent ya Mtakatifu Yosefu ikaitwa Forodhani, ingawa miaka mingi baadaye ilirudishwa kwa Kanisa. Mlango uliokuwa wa watoto wa parokia ukawa mlango wa watoto wa nchi, na binti wa Kilwa au Kondoa akaweza kupangiwa Morogoro bila mtu kumwuliza anasali wapi.

Hapo ndipo tabia halisi ya masista ilipoonekana, na hapo ndipo kumbukumbu ya "enzi za masista" inapowakosea wao wenyewe. Kutaifishwa kwa shule kungeweza kupokewa kama kunyang'anywa. Wapo waliolipokea hivyo, wakafunga mizigo. Lakini wapo wengine, wala si wachache, waliobaki darasani wakawa walimu walioajiriwa na Serikali, wakifundisha chini ya mkuu wa shule asiye mtawa, katika shule isiyokuwa tena mali yao, watoto wa dini zote. Mtu anayebaki kufanya kazi ile ile baada ya kuvuliwa mamlaka ameonyesha kwamba alikuja kwa ajili ya kazi. Katika Idara za Serikali wapo watumishi wengi waliohamishwa kutoka ukuu kwenda kiti cha kawaida. Kila mmoja wao anajua jambo hilo lina uzito gani.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Tarehe 16 Oktoba 1970, mwaka ule ule ambao shule zilikuwa zinabadili majina na mikono, alisimama mbele ya Masista wa Maryknoll huko New York akawahutubia juu ya umaskini, Ukristo na mapinduzi. Hakwenda kuwaomba radhi kwa kutaifisha, wala hakwenda kuwapaka mafuta. Aliwaambia kwa ufupi kwamba Kanisa lisiloshiriki kupinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini na kuwaweka katika unyonge litakuwa halina maana kwa watu hao. Huo ulikuwa wito mzito kwa wanawake ambao wengi wao walilelewa katika nchi tajiri kuliko zote duniani. Kwa upande wao, masista walikuwa tayari katika mjadala wa kujitazama upya ulioanzishwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965. Katika miaka iliyofuata baadhi ya watawa waliziacha nyumba kubwa za konventi wakaenda kuishi vijijini, wakachota maji kisima kimoja na wanavijiji.

Namna walivyolielewa jambo hilo ilionekana mbali sana na Morogoro. Tarehe 2 Desemba 1980, huko El Salvador, Masista wawili wa Maryknoll, Ita Ford na Maura Clarke, pamoja na Sista Dorothy Kazel wa shirika la Waursula na mlei Jean Donovan, walitekwa barabarani na kuuawa na askari wa Ulinzi wa Taifa wa nchi hiyo. Kosa lao lilikuwa kuwahudumia wakimbizi na maskini katika nchi iliyotawaliwa kwa bunduki kwa faida ya matajiri wachache. Anayesema kwamba kila mtawa alikuwa wakala wa ubeberu, usemi uliopata kusikika sana katika midahalo ya vijana, hana budi kwanza kueleza vifo hivyo.

Ama kuhusu dai kwamba elimu iliharibika masista walipoondoka, hesabu inatosha kulijibu. Shule yenye wasichana wachache waliochujwa kutoka nchi nzima, yenye walimu wa kutosha na msaada wa ng'ambo, haiwezi kulinganishwa na mfumo uliobeba watoto wote wa Taifa. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi iliamua kwamba kila mtoto aende shule ya msingi, na uamuzi huo ulileta madarasa yaliyojaa na walimu waliofunzwa haraka. Ugumu huo ulikuwa wa kweli. Lakini haukutokana na kuondoka kwa shela nyeupe. Weruweru, chini ya Mama Maria Kamm, mwalimu Mtanzania aliyeiongoza kwa miaka mingi baada ya kutaifishwa, iliendelea kuwa na jina kubwa kwa nidhamu na masomo, na kati ya waliosoma hapo ni Dakta Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2007. Kilakala nayo imeingizwa katika shule za Serikali za wanafunzi wenye vipaji maalumu. Walichofanya masista kiliweza kufanywa na wengine, na hilo bila shaka ndilo walilolitaka, maana hao hao wa Maryknoll walitumia miaka mingi kuwalea Masista wa Moyo Safi wa Maria huko Musoma ili kazi ibaki mikononi mwa wenyeji.

Lipo jambo moja la leo ambalo haifai kulipita kimya. Tangu Serikali na Makanisa yatie sahihi Hati ya Makubaliano mwaka 1992, shule zinazoendeshwa na watawa zimeongezeka sana, na nyingi zinafanya vizuri katika mitihani ya Taifa. Pongezi ni haki yao. Lakini nyingi hutoza ada ambayo mkulima wa pamba wa Ukerewe hawezi kuilipa hata akiuza shamba. Binti kama yule aliyekwenda Morogoro na sanduku la bati angeishia getini. Serikali imeondoa ada katika shule zake, kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia mwaka 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia mwaka 2022. Mashirika ya kitawa, ambayo mengi sasa ni ya Watanzania watupu, yanaweza kuulizwa kwa heshima zote nafasi ngapi yanawatengea watoto wa maskini. Wanaouliza wangefanya vema kuwa wale wale akina mama wanaokumbushana enzi za masista, kwa kuwa wao ndio wanaojua waasisi wangejibu nini.

Na akina mama hao wana kazi nyingine inayowangoja. Katika mitaala mipya limeingizwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu anayelifundisha atakuta mengi juu ya vita vya Maji Maji na vyama vya ukombozi, lakini juu ya maisha ya ndani ya shule kama Marian College, nani alifundisha, nani alipika, wasichana wa mwanzo walitoka wapi na nani alibaki baada ya mwaka 1970, hatapata mengi. Mambo hayo yamo katika vichwa vya watu, katika barua zilizofungwa kwa uzi, na katika picha za vidato zilizotundikwa sebuleni. Wasichana walioingia pale mwaka 1957 sasa wamefikia au wamepita umri wa miaka 80. Wengine wanaishi mitaa miwili mitatu kutoka shule ambako somo hilo linafundishwa, na wangefurahi kugongewa mlango na vijana wenye daftari.